Seti ya sumaku inayoelea: tafuta yenye vipande viwili

Kama unafundisha fizikia na unatafuta seti ya kuonyesha sumaku ikielea juu ya supakondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote kikipozwa vya kutosha, usinunue yenye kipande kimoja tu. Tafuta yenye viwili: kidonge cha kauri iliyochomwa kutokana na unga, na kipande kizito kilichokuzwa kikawa fuwele moja. Wauzaji wengi huvitangaza kana kwamba cha kwanza ni cha wanaoanza na cha pili ni cha waliobobea. Sivyo. Kila kimoja kinaonyesha jambo ambalo mwenzake hawezi kulionyesha. Seti ninayoieleza hapa nimeipenda hasa kwa sababu imevileta vyote viwili, ingawa kijitabu chake kimevichanganya vibaya.

Nianze na kilichomo sandukuni. Kidonge ni diski ya kijivu iliyokoza, upana wake sentimita mbili na nusu hivi, nyepesi mkononi. Ukiikwaruza inaacha vumbi kidogo, kwa hiyo usiikwaruze: ndani yake mna bariamu, na vumbi hilo halifai kuingia mdomoni. Baada ya kuishika, nawa mikono. Fuwele ni nene zaidi, nyeusi, na juu yake unaona mistari minne inayotoka katikati kwenda pembeni, ikiugawa uso wake robo nne. Mistari hiyo ni ishara ya kuitafuta ukiwa unanunua, kwa sababu inaonyesha kwamba kipande kizima kimekua kutoka kwenye mbegu moja iliyowekwa katikati, wala si chembe nyingi zilizogandamana. Halafu kuna sumaku za neodimiamu, mbili za duara na moja ya mchemraba, kibano cha plastiki, bakuli la povu gumu jeupe, lile linalofungashiwa televisheni, reli ya duara ya sumaku iliyobandikwa juu ya bamba la chuma, vipande vya plastiki vya kutenganishia, mfuko wa silika ya kunyonya unyevu, na kijitabu. Naitrojeni ya kimiminika unaitafuta mwenyewe, hilo linaeleweka. Lakini miwani ya kinga nayo haimo. Hiyo naihesabu kuwa kasoro kubwa. Anayekuuzia onyesho la kumimina kimiminika chenye nyuzi 196 chini ya sifuri hana sababu ya kuiacha miwani ya plastiki nje ya sanduku.

Vipande vyote viwili ni vya ukoo mmoja: yitriamu, bariamu, shaba na oksijeni. Ukoo huo ndio uliolileta onyesho hili mezani kwa mwalimu. Mwaka 1911, mjini Leiden, Heike Kamerlingh Onnes na wenzake waliona ukinzani wa zebaki ukitoweka ghafla karibu na kelvini 4.2 (nyuzi 269 hivi chini ya sifuri ya Selsiasi), na kwa miongo saba na zaidi baada ya hapo kazi hii ilibaki kwa wenye uwezo wa kupata heliamu ya kimiminika. Vladimir Arkadiev aliwahi kuifanya sumaku ielee juu ya bakuli la metali ya risasi katika miaka ya 1940, lakini risasi hugeuka supakondakta kwenye kelvini 7 tu. Ndipo mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, wa maabara ya IBM karibu na Zürich, wakakuta kauri yenye shaba na oksijeni inayogeuka ikiwa juu ya kelvini 30. Mwaka 1987 walipewa Tuzo ya Nobel, na mwaka huohuo makundi ya Maw-Kuen Wu na Paul Chu nchini Marekani yakatangaza kampaundi ya yitriamu inayogeuka kwenye kelvini 93. Naitrojeni huchemka kwenye kelvini 77. Kwa hiyo tuna nafasi ya kelvini 16 hivi ya kuchezea, na utaiona nafasi hiyo kwa macho: ukikitoa kipande kwenye bakuli, unayo muda mfupi tu kabla hakijapita juu ya 93 na kila kitu kuanguka.

Sasa majaribio, nikianza na kidonge.

Kijitabu kinaelekeza upooze kidonge kwanza, kisha ushushe sumaku juu yake kwa kibano. Inaelea, wanafunzi wanapiga makofi, basi. Mimi ninafanya kinyume. Kidonge kinakaa bakulini kikiwa cha kawaida, sumaku ndogo imelala juu yake, na naitrojeni inamiminwa polepole pembeni hadi ikaribie uso wa kidonge. Inachemka kwa fujo, mvuke unafunika kila kitu, kisha mchemko unatulia. Hapo sumaku inainuka yenyewe. Hakuna aliyeigusa. Inapanda milimita chache, inayumba, inakaa hewani.

Nasisitiza kuinuka huko kwa sababu ndiko kunakotenganisha supakondakta na waya mzuri kupita kiasi. Chukua kipitishi ambacho sifa yake ni moja tu, kwamba ukinzani wake ni sifuri. Sumaku ikiwa tayari juu yake wakati kinapozwa, uga wake, yaani nguvu ya sumaku inayoenea kuizunguka, umeshapenya ndani na haubadiliki. Pasipo mabadiliko hakuna mkondo unaoamshwa, na sumaku ingebaki imelala palepale. Supakondakta haikubali hivyo. Ikigeuka, inausukuma uga nje hata kama ulikuwamo tangu mwanzo, kwa kuzungusha mikondo kwenye ngozi yake. Walther Meissner na Robert Ochsenfeld ndio waliogundua jambo hili mwaka 1933, miaka 22 baada ya zebaki ya Leiden. Katika miaka yote hiyo wanafizikia wengi waliamini kwamba ukinzani sifuri unaeleza kila kitu. Darasa linaweza kuivuka miaka hiyo 22 ndani ya dakika moja, mradi mwalimu aiweke sumaku kabla ya kumimina. Kijitabu hakisemi neno juu ya mpangilio huo, na ndiyo sehemu ninayokilaumu zaidi.

Urefu wa milimita chache unaleta tatizo la kawaida: aliyeketi nyuma haoni kitu. Nilichokiona kinafaa ni simu iliyowekwa usawa wa meza, ikitazama kwa ubavu, imeunganishwa na projekta, na karatasi nyeusi nyuma ya bakuli. Mvuke ukitulia, pitisha ukanda wa karatasi chini ya sumaku ili asiyeamini aone hakuna uzi wala gundi. Wape pia nafasi ya kuizungusha sumaku kwa ncha ya kibano. Ile ya duara huzunguka kwa muda mrefu, kwa sababu uga wake una ulinganifu kuzunguka mhimili wake, na mzunguko haubadilishi chochote kinachoonwa na kidonge. Ile ya mchemraba huyumba na kusimama mapema. Wanafunzi wenyewe wanaweza kuifikia sababu wakiachwa wabishane, na nimesikia mabishano mazuri sana mbele ya mchemraba huo.

Kwenye fuwele ndiko kijitabu kinapopotosha moja kwa moja. Kinasema rudia hatua zilezile na utapata matokeo yaleyale kwa nguvu zaidi. Jaribu. Lalisha sumaku juu ya fuwele yenye joto la kawaida, mimina naitrojeni, subiri mchemko utulie. Sumaku haiinuki. Inabaki imelala pale ilipo. Ukiishika kwa kibano na kuivuta, unahisi inakataa kutoka; ukiisukuma pembeni, inarudi.

“Mwalimu, hii imeharibika,” aliniambia binti mmoja wa mstari wa mbele. Nilimwomba ainue kibano, na kipande kizima cha fuwele kikainuka kutoka bakulini kikining'inia chini ya sumaku.

Maelezo yake ni haya. Kauri hizi ni za aina ya pili ya supakondakta. Uga ukiwa dhaifu zinaufukuza wote, lakini uga ukizidi kiwango fulani zinauruhusu kuingia kwa nyuzi nyembamba, kila uzi umezungukwa na mkondo wake mdogo. Alexei Abrikosov alieleza mpangilio wa nyuzi hizo mwaka 1957, na akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2003. Kila uzi hubeba kiasi kilekile cha uga, wala hakuna nusu uzi. Kwenye halijoto ya naitrojeni, kiwango hicho cha kuingia kwa kampaundi ya yitriamu hakizidi makumi machache ya militesla, ilhali sumaku ndogo ya neodimiamu ina tesla 0.3 hadi 0.5 usoni pake. Kwa hiyo katika seti hizi uga huingia karibu kila mara. Swali ni nini kinafuata baada ya kuingia.

Ndani ya fuwele, watengenezaji wameacha kwa makusudi chembe ndogondogo za kampaundi nyingine ya elementi hizohizo, ambayo si supakondakta. Nyuzi za uga hupenda kupita hapo, na zikishapita hunasa kama misumari iliyopigiliwa ubaoni. Ili sumaku isogee, nyuzi zote lazima zihame, nazo hazihami kirahisi. Ndiyo maana sumaku hailazimiki kuelea juu tu. Inaweza kuning'inia chini, kukaa kwa mshazari, au kusimama kwa ubavu, ikishikilia umbali na pembe ileile iliyokuwa nayo wakati wa kupozwa. Kwenye kidonge chembe ni nyingi, mipaka kati yake ni dhaifu, na uga hauna pa kushikwa sawasawa. Kwa hiyo kidonge husukuma zaidi kuliko kinavyoshika, na ndiyo sababu juu yake sumaku iliinuka.

Udhaifu wa kidonge ndio unaotuwezesha kuona alichokiona Meissner, na ubora wa fuwele ndio unaokificha. Ukiwa na fuwele peke yake utawaonyesha watu mnaso, yaani huko kunaswa kwa nyuzi za uga, na kuuita tokeo la Meissner, kama video nyingi zinavyofanya. Ukiwa na kidonge peke yake hutawahi kuining'iniza sumaku kichwa chini.

Ili mnaso uonekane vizuri, tumia vile vipande vya plastiki vya kutenganishia. Weka kimoja chenye unene wa sentimita moja hivi juu ya fuwele yenye joto la kawaida, sumaku juu ya plastiki, kisha pooza na uchomoe plastiki. Sumaku inabaki sentimita moja hewani, imetulia kabisa, bila ule mtikisiko wa kwenye kidonge. Ibonyeze kwa kibano: inashuka kidogo na kurudi. Badilisha unene wa plastiki, na umbali unabadilika. Mwanafunzi anayepewa kazi ya kuamua umbali mwenyewe anaelewa kwa mikono yake kwamba fuwele inakumbuka ilipopozwa.

Kuna jaribio jingine ambalo kijitabu hakilitaji kabisa, nami nalipenda kuliko yote. Pooza fuwele ikiwa imegusana na sumaku kubwa, kisha ing'oe sumaku kwa nguvu na uipeleke mbali. Sogeza vibanio vya karatasi karibu na fuwele. Inavivuta. Jiwe jeusi lisilo na chuma ndani yake limekuwa sumaku, kwa sababu nyuzi zilizonaswa zimebaki, na mikondo inayozizunguka inaendelea bila betri. Itoe kwenye bakuli uishike kwa kibano ikipata joto; ikivuka mpaka wake, vibanio vinaanguka vyote kwa pamoja. Hii si michezo ya darasani tu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walinasa tesla 17.6 kati ya vipande viwili vya ukoo huuhuu, vyenye gadoliniamu badala ya yitriamu, kwenye kelvini 26. Iliwabidi wavifunge kwa pete ya chuma cha pua, maana nguvu ya uga ulionaswa hujaribu kuipasua kauri kutoka ndani.

Reli ya duara ni nzuri lakini haikumaliziwa vizuri. Kazi yake ni rahisi kueleza: sumaku zimepangwa safu tatu, kaskazini, kusini, kaskazini, ili uga ubadilike sana ukikata reli kwa upana na usibadilike ukiifuata kwa urefu. Fuwele iliyopozwa juu yake haiwezi kutoka pembeni, wala juu, wala chini, lakini mbele na nyuma haina kizuizi isipokuwa hewa. Sukuma kidogo inazunguka. Unaweza hata kuinua reli nzima na kuigeuza, na fuwele ikaendelea kuzunguka ikiwa chini. Kasoro ni kwamba mahali mzunguko unapoungana pana pengo la karibu milimita mbili kati ya sumaku, na kila fuwele ikipita hapo inashtuka na kupoteza mwendo. Pengo hilo ni mabadiliko ya uga yanayofuata urefu, na fuwele inayahisi. Niliomba fundi aliyekuwa na vipande vyembamba vya sumaku alizibe, na sasa inapita kwa ulaini. Kwa reli inayotoka kiwandani, kazi hiyo isingepaswa kuachiwa mnunuzi.

Na hapo hapo kwenye reli, jambo la kurekebisha kwa sauti mbele ya wanafunzi. Jalada la kijitabu lina picha ya treni ya mwendo kasi, na chini yake sentensi inayodai treni hizo huelea kwa njia hiihii. Treni ya Japani iliyofikia kilomita 603 kwa saa mwezi Aprili 2015 inabeba koili za supakondakta, ni kweli, lakini ni za niobiamu na titaniamu zilizopozwa kwa heliamu. Kinachoiinua ni mikondo inayoamshwa kwenye koili za kuta za njia inapopita kwa kasi. Ikiwa na mwendo mdogo inatembea kwa magurudumu. Treni ya Shanghai haina supakondakta hata kidogo, ni sumaku za umeme zinazodhibitiwa kwa vihisio. Gari linaloelea kwa mnaso kama fuwele yetu lipo, lakini bado ni la majaribio: Rio de Janeiro wamelijenga dogo la chuo kikuu, na Chengdu nchini China walionyesha mfano wao mwezi Januari 2021. Tofauti hizi zina maana kubwa kwa mwanafunzi. Akiambiwa kwamba kila kinachoelea kinaelea kwa sababu moja, atabaki bila swali la kuuliza.

Sasa naitrojeni, maana hapo ndipo watu wazima wanapoteza uangalifu wao. Kuipata si kugumu kama inavyodhaniwa. Vyuo vikuu wanayo, hospitali kadhaa wanayo, na wataalamu wa uhimilishaji wa mifugo huibeba kila siku kutunzia mbegu za madume. Lita moja inatosha majaribio yote niliyoyaeleza ukiwa na bakuli dogo la povu. Chukua mbili, kwa sababu nyingine itapotea njiani na wakati wa kupooza vyombo. Ibebe kwenye chombo maalumu chenye kuta mbili na mfuniko uliolegea. Mfuniko uliolegea, narudia. Lita moja ya kimiminika ikichemka inatoa karibu lita 700 za gesi, na chupa ya chai iliyokazwa kizibo inageuka bomu. Hili halina mjadala, hata kwa safari ya mita hamsini.

Hatari ya pili haina harufu wala rangi. Gesi ya naitrojeni yenyewe haina sumu, tunaivuta kila saa, lakini inachukua nafasi ya oksijeni. Lita tano zikimwagika zinatoa gesi ya lita 3,500. Katika darasa lenye mita za ujazo 200, madirisha wazi, oksijeni inashuka kidogo sana kutoka asilimia 21. Katika stoo ya mita za ujazo 10 iliyofungwa, inaweza kushuka hadi kwenye asilimia 14 au 15, na akili na uratibu wa mwili vinaweza kudhoofika kabla mtu hajajua kuna tatizo. Basi usiihifadhi stoo, usipande nayo lifti pamoja na watu, na kama lazima isafiri kwenye gari, vioo viwe chini. Hesabu hiyo niliwapa wanafunzi waifanye wenyewe kwa vipimo vya darasa letu kabla sijafungua chombo, na naishauri kwa kila mwalimu: ni somo zuri la gesi, na baada yake hakuna anayeomba madirisha yafungwe.

Kwa ngozi, tone linaloteleza mkononi mara nyingi halidhuru, kwa sababu linaelea juu ya mvuke wake lenyewe. Kinachounguza ni kimiminika kilichonaswa: ndani ya kiatu cha wazi, kwenye kitambaa kilicholowa, ndani ya glovu inayobana. Vaa glovu pana unazoweza kuzikung'uta, suruali au sketi ndefu inayofunika kiatu, na miwani kwa kila aliye karibu na meza. Usishike kipande chochote kilichotoka bakulini kwa vidole. Na naitrojeni iliyokaa siku nyingi kwenye chombo cha wazi ikianza kuonekana ya samawati, ujue imekusanya oksijeni kutoka hewani, kwa kuwa oksijeni hugeuka kimiminika kwenye kelvini 90. Hiyo iachwe ichemke nje, mbali na mafuta, karatasi na moto.

Sumaku nazo zina haki ya kuogopwa. Mbili za duara zikirukiana zinabana kidole hadi damu, na zikigongana hupasuka vipande vyenye ncha. Mtoto mdogo akimeza mbili, zinaweza kubana utumbo kati yake na kuutoboa. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo akae mbali nazo.

Kwa sababu hizo, kwa nyumbani siipendekezi seti hii ila pale ambapo mtu mzima aliyezoea naitrojeni ndiye anayemimina. Anayetaka kitu kinachoelea mezani bila baridi yoyote anunue kipande chembamba cha grafiti iliyotengenezwa kwa mpangilio maalumu wa tabaka, pamoja na sumaku nne za mchemraba zilizopangwa kaskazini na kusini kwa kupishana. Kinaelea milimita moja hivi, kwa miaka, kwenye joto la chumba. Hakina mnaso na si supakondakta, kinasukumwa tu kidogo na uga. Lakini ni kweli kabisa, na mtoto anaweza kukisukuma kwa pumzi.

Grafiti hiyo inafaa pia kuwekwa karibu na fuwele darasani. Mwaka 2023 video ilienea duniani ikionyesha chembe ya LK-99 kutoka Korea Kusini, upande mmoja hewani, upande mwingine umegusa sumaku, ikidaiwa kuwa supakondakta ya joto la kawaida. Maabara nyingi zilijaribu kuirudia ndani ya wiki chache na hazikuona supakondakta. Wanafunzi wangu bado wanaiuliza. Nawaambia wachukue vitu viwili hivi na wavijaribu kwa zamu: kipi kinakataa kusogezwa kwa kila upande, kipi kinaweza kuning'inia? Mwenye kujua dalili za mnaso ana swali la kumuuliza yeyote anayerusha video.

Ukiamua kununua, muulize muuzaji mambo matatu: kama fuwele ni ya mbegu moja, na akutumie picha ya mistari minne; kama reli imezibwa pale inapoungana; na kama kidonge kinauzwa pia peke yake. Hilo la tatu ni muhimu kwa sababu vipande hivi haviishi sawasawa. Kauri hii hushambuliwa na maji, na kila baada ya jaribio unyevu wa hewa huganda juu yake, kisha huyeyuka. Kikaushe kwa hewa ya vuguvugu, taratibu, usikitie kwenye oveni, futa kwa kitambaa kikavu, kisha kirudishe kwenye mfuko wa silika uliofungwa vizuri. Usikitumbukize kwenye naitrojeni kwa ghafla. Kishushe kidogo kidogo, la sivyo kinapata nyufa. Fuwele yetu, ambayo ni imara na haina matundu mengi, inashika sumaku vilevile kama ilipofika. Kidonge sasa kinaiinua kwa kimo kidogo kuliko mwanzo, ingawa kimetunzwa kwa uangalifu uleule. Muuzaji anavyo vya akiba, nami nimeshaagiza viwili.